Matoleo Mia ya Ernesti

Gerald alikuwa akipangusa vumbi kwenye rafu ya vitabu vya hesabu ujumbe ulipoingia kwenye simu. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akavuta kigoda akausoma tena. Ulitoka kwa Shital, binti wa Parag, kutoka ng'ambo, na ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, baba yao amefariki. Moyo ulisimama akiwa usingizini, na mazishi wameshayafanya kwa desturi zao. La pili lilifuata chini yake, kwa adabu nyingi: yale makasha ya magazeti ya katuni ambayo Mjomba Gerald alimtafutia baba kwa miaka yote ile, wao hawana pa kuyaweka. Je, Mjomba anaweza kuwasaidia kuyauza?

Siku ile hakujibu. Alifunga duka mapema, akapanda nyumbani taratibu, akamkuta mkewe Lea uani na ungo wa maharage magotini.

"Parag hatunaye," alimwambia.

"Parag wa lile duka la zamani?"

"Huyohuyo."

"Pole, baba." Lea aliacha kuchambua kidogo. "Ndiye aliyekuwa anakutumia hela za magazeti?"

"Ndiye."

Lea akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Gerald na Parag walifahamiana tangu mwaka sabini na sita. Gerald alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa mkulima wa Kwashemshi aliyeshushwa Korogwe kusoma, na Parag alikuwa amemzidi miaka mitatu. Mwaka huo ndipo lilipoanza kutoka gazeti la katuni lililoitwa Kombeo: kurasa ishirini na nne za nyeusi na nyeupe, jalada la rangi moja tu, mwezi huu jekundu, mwezi ujao kijani. Lilikuja kwa treni, likauzwa dukani kwa baba yake Parag, na Parag ndiye aliyekuwa anakata kamba ya bunda. Wawili hao walikaa juu ya magunia ya mchele wakisoma visa vya Sajini Pakacha, askari ambaye kila akimfukuza mwizi hupoteza kiatu kimoja. Mwaka themanini na tatu familia ya Parag ikahama nchi. Duka likachukuliwa na wengine, likawa la sabuni na mafuta ya taa.

Miaka ishirini na sita baadaye mtu mmoja mwenye mvi na kofia ya jua aliingia kwenye chumba kimoja pale mtaa wa Manundu ambamo Gerald alikuwa anauza vitabu vilivyokwisha tumika. Alipekua pekua, akauliza kwa Kiswahili kilichoanza kushika kutu: "Sajini Pakacha amepata kiatu chake?" Walikumbatiana mbele ya wateja. Kabla hajaondoka, Parag alimwambia, "Nitafutie Kombeo. Zote. Nitalipa."

Biashara ilianzia hapo. Gerald alizunguka kutafuta magazeti ambayo watu walikuwa wameyasahau darini na kwenye mabohari ya shule. Alikwenda Mkumbara, alikwenda Kerenge, alipanda Lushoto. Habari zikasambaa, wanunuzi wakaongezeka: jaji mstaafu wa Moshi, daktari mmoja wa Tanga, padri, mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa mbao. Walikuwa sita pamoja na Parag, na wote sita walikuwa vijana wakati mmoja. Bei ikapanda nao. Gazeti lililouzwa shilingi tano likafika elfu kumi, likafika elfu thelathini. Toleo namba moja, ambalo Gerald alilipata kwa mjane mmoja likiwa limekunjwa ndani ya Biblia, Parag alilinunua kwa laki moja na nusu bila kupunguza hata senti.

Kulikuwa pia na Kombeo nyingine, ila hizo hakuna aliyeziita Kombeo mbele ya wazee wale. Gazeti lilikuwa limekufa miaka ya shida ya karatasi, kisha likafufuliwa mwaka tisini na tisa na mwenye mali mwingine. Jalada likawa linang'aa, kurasa zote za rangi. Sajini Pakacha aliondolewa, nafasi yake akapewa Nesi Tausi, msichana wa zahanati anayewafichua wezi wa dawa. Lilidumu miaka mitano likafa tena. "Uchafu wa rangi," jaji alikuwa akisema, na Gerald alikubaliana naye. Zile za rangi zilipomjia katikati ya marundo aliyonunua, alizipima kwa kilo akawauzia akina mama wa karanga na bagia pale stendi. Kwa muda wa miaka kama kumi hivi, watu wa Korogwe wamekula bagia nyingi juu ya uso wa Nesi Tausi.

Sasa wale sita walikuwa wamepukutika. Daktari alitangulia, akafuata padri, kisha mwalimu. Macho ya jaji yaliharibika; hata akinunua, nani atamsomea? Mtu wa mbao aliacha mwenyewe, akasema ametosheka. Aliyebaki alikuwa Parag, na Gerald hakuwa ameyatia maanani hayo yote mpaka ule ujumbe ulipomfikia. Makasha manne ya Kombeo za zamani yalikuwa yanarudi kutafuta mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe ndiye aliyezikwa.

Alimjibu Shital kwamba atajaribu. Alizunguka na simu mwezi mzima. Watu wawili walisema watafikiria. Mmoja alitaka toleo namba moja tu, kwa elfu ishirini.

Katikati ya kuhangaika huko ndipo Dennis alipomtokea. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mfanyakazi wa kampuni ya mitandao Dar es Salaam, ameshuka Korogwe kumzika shangazi. Aliamkia vizuri, akapita kwenye rafu zote, akasimama mbele ya Kombeo za zamani bila kuzigusa.

"Mzee, za Nesi Tausi huna?"

"Za rangi?"

"Hizohizo. Kuanzia tisini na tisa mpaka elfu mbili na nne. Nina kundi la wasapu, tuko watu karibu mia mbili. Iliyo safi natoa elfu arobaini. Iliyochakaa, elfu kumi na tano."

Gerald alidhani amesikia vibaya. "Na hizi?" akaonyesha za zamani.

Dennis akazitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya babu wa mwenzake. "Hizi ni za enzi zenu, mzee. Sisi tulikua na Nesi. Mama alikuwa anatusomea umeme ukikatika."

Kijana alipoondoka, Gerald alikaa akipiga hesabu ya kilo. Alijaribu kuacha, akashindwa. Kila kilo ilikuwa na magazeti kumi na mbili hivi. Alikuwa ameziuza kilo ngapi?

Wiki hiyohiyo Ernesti Mhina alipiga simu kutoka Handeni.

"Mdogo wangu," alisema, "nimeamua. Njoo uchukue tranka."

Hapa inabidi ielezwe tranka ni nini. Ernesti alikuwa bwana mifugo. Ujana wake wote aliutumia kwenye pikipiki ya serikali, akichanja ng'ombe katika vijiji vya Handeni, na kila mwisho wa mwezi alipofika Korogwe kuchukua dawa alinunua Kombeo. Hakuruka hata mwezi mmoja. Matoleo mia moja ya kwanza, yote, bila pengo, aliyaweka ndani ya tranka la bati lenye kufuli, kila moja ndani ya karatasi ya nailoni, na vile vipira vyeupe vya kufukuzia mende. Hakuna mtu mwingine nchini, kwa kadiri Gerald alivyojua, aliyekuwa na mia kamili. Hata Parag alikuwa na mapengo kumi na saba.

Na Parag aliliulizia tranka lile. Mwaka elfu mbili na kumi na nne alitaja bei: milioni tatu, taslimu. Siku ile Gerald hakupenda kuikumbuka. Alikuwa amemwendea Ernesti na badala ya kumwambia, "Kuna mtu anatoa milioni tatu," alimwambia, "Kaka, usiuze sasa. Bei inapanda. Subiri." Alijua Parag ataongeza. Alishapiga hesabu: asilimia kumi yake ya udalali kwa milioni tano ni laki tano, na mtoto wake alikuwa anaingia kidato cha tano. Kwa Parag akasema mwenyewe hataki kuuza. Ernesti alimwamini, akasubiri. Mwaka ukapita, Parag akafanyiwa upasuaji wa kwanza wa moyo, matumizi yake yakabana, na ile milioni tatu haikutajwa tena. Gerald hakusema kitu. Kila walipoonana, Ernesti aliuliza, "Tuendelee kusubiri?" na Gerald alijibu, "Kidogo tu, kaka."

Sasa alimuuliza kwa simu, "Kimetokea nini hata unauza?"

"Tenki," Ernesti akasema. "Goti la shemeji yako limekwisha. Hawezi tena kubeba dumu. Nataka tenki la lita elfu tano na mifereji ya bati, tukinge mvua za vuli. Nimeulizia, kila kitu na fundi ni milioni moja na laki nane. Nimewaza, tranka litalipa hilo na kusalia."

Gerald alisema atafika Jumamosi.

Alifika Chanika, pale Handeni, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Nyumba ya Ernesti ilikuwa juu kidogo ya barabara, ya matofali, bati lake refu na zuri ambalo kwa miaka yote lilikuwa linamwaga maji ya mvua kwenye udongo mwekundu. Mlangoni palikuwa na madumu sita ya njano, manne matupu. Kijana wa bodaboda alikuwa ndiyo kwanza ameshusha mawili na anaondoka.

"Karibu, shemeji," Grasiana, mke wa Ernesti, alimpokea. Alikuwa mwanamke mnene aliyepita umri wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alitembea akiegemea ukuta, goti moja amelifunga kwa kitambaa cha khanga. "Za Korogwe?"

"Njema, shemeji. Pole na goti."

"Goti limezeeka kabla yangu. Kaa."

Ernesti alitoka chumbani akilivuta tranka mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwenda kanisani. Alifungua kufuli, akatandika mkeka, akaanza kuyapanga magazeti kumi kumi kwa mpangilio wa namba, akitaja kisa cha kila moja. Toleo la saba, Pakacha anamkamata mbuzi akidhani ni mwizi. Toleo la thelathini na moja, karatasi imekuwa ya kahawia kwa sababu ya vita, wino unapauka. Toleo la mia, jalada la kijani. Yalikuwa safi kiasi kwamba Gerald aliona aibu kuyagusa kwa mikono ya safari.

"Haya," Ernesti akasema alipomaliza, akijifuta jasho. "Zungumza."

Gerald alikuwa amejiandalia maneno njiani. Aliyaanza, yakakatika. Alimweleza habari za Parag, na Ernesti akavua kofia. Akamweleza kuhusu makasha manne yanayorudi, kuhusu jaji na macho yake, kuhusu wale wawili wanaofikiria.

"Kwa hiyo ni kiasi gani?"

"Yote mia, kwa mtu mmoja, leo hii... laki tatu. Tena nikimbembeleza."

Ernesti hakushtuka. Aliinama akasawazisha kona ya toleo la mia iliyokuwa imekaa sawa tayari. "Laki tatu," alisema, kana kwamba anarudia jina la mgeni ili asilisahau. "Basi tusubiri tena. Tulishasubiri."

Kama angesema neno jingine lolote, huenda Gerald angenyamaza kama alivyonyamaza miaka kumi. Lakini lile "tusubiri" lilitoka kwa upole na kwa uaminifu mno.

"Kaka, hakuna cha kusubiri," alisema. "Na kuna jambo sikukuambia." Akalisema lote, bila kulipamba: milioni tatu, mwaka kumi na nne, asilimia kumi, ada ya kidato cha tano. Alisema huku akiangalia mkeka.

Aliyesema kwanza ni Grasiana, kutoka mlangoni alikokuwa amesimama na birika la chai.

"Mwaka kumi na nne," alisema taratibu. "Mwaka kumi na nne lambo lilikauka. Nilikuwa natoka hapa saa kumi alfajiri kufuata maji." Akaweka birika chini. "Milioni tatu, shemeji."

"Ndiyo, shemeji."

"Hili goti lilikuwa zima."

Ernesti alianza kuyarudisha magazeti ndani ya tranka, moja moja, kwa mpangilio uleule. Alichukua muda mrefu. Aliinuka, akatoka uani, akaenda kusimama kwenye banda la mbuzi akiwapa mgongo.

Gerald alifikiri aondoke, lakini gari la kurudi lilikuwa la mchana, na kukaa barabarani juani kulionekana kama kutoroka mara ya pili. Grasiana alimmiminia chai bila kumtazama. Alimletea na maandazi mawili, kwa sababu mgeni ni mgeni, na aliyafunika kwa karatasi ili nzi wasitue.

Ilikuwa karatasi ya rangi. Gerald aliiinua. Kwenye kona palikuwa na kofia nyeupe ya nesi na nusu ya jicho.

"Shemeji," aliuliza, "hii umeipata wapi?"

"Hiyo imechanika, ndiyo maana naifunikia. Nyingine ziko uvunguni."

"Nyingine?"

Grasiana akainua mabega. "Huyo bwana alipoacha kununua, mimi nilianza. Alisema hizi za rangi ni upuuzi, basi nikanunua kwa hela yangu ya maandazi, nikaziweka kwenye mfuko wa salfeti. Ningeziweka kwenye tranka la nani? Nilikuwa nawasomea watoto, halafu nawaazima wanawake wenzangu wa kwaya. Mwingine akiwa mgonjwa nampelekea mbili tatu. Nesi Tausi amelala hospitali ya hapa mara nyingi kuliko nesi wa kweli." Alikaribia kutabasamu, akajizuia. "Kama unazitaka kwa karatasi za dukani, chukua. Zinanijazia uvungu tu."

Salfeti lilivutwa. Lilikuwa na vumbi, na juu yake paka alikuwa amefanya kitanda. Gerald alitoa gazeti la kwanza, la pili, la kumi. Mengine yalikuwa na madoa ya mafuta. Mengine yaliandikwa pembeni kwa kalamu, majina ya walioazima. Lakini mengi yalikuwa mazima, majalada bado yanang'aa. Alihesabu arobaini na moja.

Hatutasema kwamba jambo lile halikumpitia kichwani. Lilimpitia. Mwanamke ameshasema chukua. Ernesti yuko bandani. Dennis yuko Dar es Salaam na elfu arobaini zake. Gerald alikuwa na miaka sitini na moja, pango la duka limepanda, na makasha ya marehemu yanamsubiri bandarini. Alikaa na lile gazeti mkononi kwa muda, mpaka Grasiana akauliza kama anajisikia vibaya.

"Nimechoka tu," alisema. Na ilikuwa kweli: alikuwa amechoka kujua vitu ambavyo wenzake hawavijui. Akamweleza habari za Dennis, na bei zote mbili, ya safi na ya iliyochakaa. "Usimpe mtu bure, shemeji. Hata mimi."

Grasiana alikaa kitandani. "Hizi?"

"Hizo."

"Elfu arobaini. Moja."

"Iliyo safi."

Aligeuzageuza jalada. Kisha akasema jambo ambalo Gerald hakulitarajia. "Usimwambie huyo bwana ukiwa umesimama. Mwambie akiwa amekaa. Naye amechoka."

Lakini Ernesti alikuwa tayari mlangoni, ameyasikia. Alitazama salfeti, akatazama mkewe. Gerald alisubiri hasira, na kama ingekuja angeipokea. Haikuja. Ernesti alisema tu, "Zako ni za kwako, mama Glory. Uza ununue tenki," akapita kwenda kulala saa saba mchana, jambo ambalo, Grasiana alisema baadaye, hakuwahi kulifanya tangu amwoe.

Dennis alikuja mwenyewe Korogwe Jumamosi iliyofuata. Grasiana naye alishuka, na binti yake Glory akimshika mkono, kwa sababu alisema mali yake ataiuza akiwepo. Walikaa dukani kwa Gerald, mlango umefungwa nusu. Kijana alipitia kurasa zote kwa vidole vilivyooshwa. Kumi na saba alizipitisha kuwa safi. Kumi na tatu alizilipia bei ya zilizochakaa. Kumi na moja zilikuwa na kurasa pungufu, akazisukuma pembeni. Zilipatikana laki nane na elfu sabini na tano, akazituma kwenye simu ya Grasiana palepale.

"Mama, haya majina pembeni ni ya nani?" Dennis aliuliza wakati anazifunga.

"Ni watu walionisomea na niliowasomea. Huyu Indu alikuwa na duka la vitambaa hapa karibu na soko, tukiazimana kila nikishuka. Huyu alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Amekufa."

Dennis akakuna kidevu. "Zilizoandikwa ningezihesabu kuwa zimechakaa."

"Umeshazihesabu hivyo."

"Ndiyo, mama. Nasema tu." Akaziweka kwenye begi.

Gerald alimlipia Grasiana na Glory nauli ya kurudi, akakataa asilimia kumi. Grasiana hakumshukuru. Alizichukua zile kumi na moja zilizokataliwa, akazifunga kwenye khanga, akasema, "Kwa heri, shemeji," na ile shemeji ilikuwa na baridi ndani yake.

Fedha haikufika kwenye tenki la lita elfu tano. Ilifika kwenye la lita elfu tatu, mifereji ya upande mmoja wa paa, na fundi aliyelipwa nusu kwa mbuzi. Gerald alisikia hayo kwa Glory, maana Ernesti hakupokea simu zake. Alipiga mwezi wa tisa mara mbili, wa kumi mara moja. Mara moja alipokea Grasiana, akasema, "Yuko shamba," na nyuma yake Gerald alisikia Ernesti akikohoa.

Hakulaumu. Alirudi kwenye kazi zake. Makasha ya Parag yalifika, akayalipia ushuru kwa fedha yake, akayapanga nyuma ya duka. Aliuza matoleo ishirini kwa elfu tano tano, akamtumia Shital zote. Shital alijibu kwamba wanashukuru, na kwamba yanayobaki afanye anavyoona. Jioni nyingine alijikuta amekaa juu ya kasha, akimsoma Sajini Pakacha peke yake, na asicheke, maana kisa alikijua na aliyekuwa anacheka naye hayupo. Lea alikuja siku moja kumwita chakula, akamkuta hivyo. Alikaa naye kidogo, kisha akamwinua.

Vuli zilichelewa. Zilikuja katikati ya mwezi wa kumi na moja, siku tatu mfululizo, Korogwe na Handeni kote. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, simu iliita, na lilikuwa jina la Ernesti.

"Gerald."

"Kaka. Za siku nyingi?"

"Njema. Lile tranka, bei yake ya leo ni ngapi?"

Gerald alifikiri kabla ya kujibu, si kwa sababu ya kutafuta uongo, ila kwa kuogopa kukosea hata shilingi moja. "Laki mbili na nusu. Imeshuka, kwa sababu ya hizi za Parag. Mwakani inaweza kushuka zaidi. Sijui kama itapanda tena, na anayesema anajua anakudanganya."

"Laki mbili na nusu," Ernesti akarudia. "Basi yakae. Siuzi."

"Sawa, kaka."

Gerald alisikia maji yakidondoka upande wa pili, na Grasiana akimwambia mtu afunge koki. Alidhani simu itakatwa.

"Mvua imenyesha huko kwenu?" Ernesti aliuliza.

"Imenyesha sana. Daraja la chini lilifunikwa juzi."

"Hapa wamepanda wote. Mimi nimechelewa, mbegu imepanda bei, mfuko wa kilo mbili unauzwa kama dhahabu. Huko Korogwe ni ngapi?"

"Sijaulizia. Nitaulizia leo."

"Uliza duka mbili, siyo moja," Ernesti akasema. "Halafu uniambie bei zote mbili."

"Nitakuambia zote mbili," Gerald akasema, akachukua mwavuli, akatoka kwenda kuulizia.